Soseji Zimevuka Mpaka

Jumatatu, 8 Julai

Nimepata! Miaka natafuta, leo nimepata nikiwa bafuni nanyoa ndevu. Nikajikata kwa furaha. Si kitu.

Tatizo lenyewe ni hili. Jumamosi klabu yetu ya wenye matrela inakutana Maun, Botswana, kando ya mto, kama kila Julai. Wastaafu watupu. Kila mzee na mkewe na trela lake la kulala, viti vya kukunja, brandi na magoti mabovu. Kilele chake ni mashindano ya soseji. Na mshindi, mwaka baada ya mwaka, ni Flip Odendaal wa Zeerust, aliyekuwa akiuza matairi, mtu asiyejua tofauti ya giligilani na mchanga.

Soseji ya ukoo wetu, ile ya marehemu baba, ingemfukia Flip mzimamzima. Lakini kule mpakani Botswana nyama mbichi haionewi huruma. Hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe. Mwaka jana walinifungulia friji wakazoa zote. Nikaingia mashindanoni na soseji ya dukani, nikashika mkia. Flip akanipiga begani mbele ya watu, akasema, "Umejitahidi, Lourens."

Umejitahidi!

Dawa yake ni barafu. Naviringa soseji ndani ya beseni. Namwaga maji, natia unga kidogo wa mahindi yasionyeshe ndani. Nagandisha. Ofisa anafungua, anaona barafu ya wazee. Nani atakaa kungoja barafu iyeyuke? Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtahini wa leseni za udereva hapa Lichtenburg. Mwenye sare namjua. Hutazama uso wako, hatazami mzigo.

Dada yangu Bettie ameniazima mashine ya kusagia. Bettie ana kisukari kama mke wangu Dorie, wote wawili wanaishi kwa sindano. Wakikutana ni sukari imepanda, sukari imeshuka, utadhani wana kiwanda. Akaniuliza nyama yote hii ya nini na mnasafiri. Nikamwambia ya mbwa. Baadaye nikakumbuka kwamba hatuna mbwa.

Jumanne, 9 Julai

Soseji tayari. Harufu ya karafuu nyumba nzima. Kazi ya msanii.

Upinzani kutoka ndani. Friji ya trela ni moja, ndogo, na haina vyumba viwili. Ama inapoza, ama inagandisha. Swichi yake ina namba, moja mpaka saba. Dorie huiacha kwenye mbili kwa ajili ya insulini yake. Mimi nataka saba. Akasema insulini haigandishwi, Baba, ikiganda imekufa, imeandikwa kwenye boksi. Nikamwambia nimeandika matangazo ya ofisi ya leseni mpaka nimestaafu, na mtu anayeandika "usi" hivi na "usi" vile ni mwoga anayejikinga.

Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamuuliza ni nani anayekufa hapa. Tukacheka wote. Dorie akicheka hushika meza, tangu alipokuwa msichana.

Suluhu: friji yangu, mkoba wake. Vichupa vyake vyote sita amevivisha soksi ya sufu na kuvitia mkobani. Kwa baridi ya Julai, anasema, humo vitakaa salama kabisa. Mwanamke wa busara. Nimempa pongezi, akaniambia niondoe unga sakafuni.

Jumatano, 10 Julai

Shujaa! 

Foleni mpakani mpaka nje ya lango. Flip mbele yetu na trela lake la ekseli mbili, anapunga kofia kama mfalme. Maofisa wanafungua friji moja baada ya nyingine. Mama mmoja wa Klerksdorp amenyang'anywa paja la kondoo, analia waziwazi. Ofisa wa safari hii anagongagonga kila kitu kwa fimbo. Anatikisa. Ananusa! Jasho likanitoka na baridi ile.

Dorie alikuwa ofisini kugongesha pasipoti mihuri. Ndipo akili ilipofunguka. Nikachukua mkoba wake. Nikatoa vichupa, vyote sita, kwa sababu kimoja hakitishi mtu. Nikavipanga juu ya barafu, mstari ulionyooka, na sindano pembeni. Walinzi wa soseji.

Ofisa akafungua. Akaona sindano. Akauliza ni za nani. Nikavaa uso wa mazishi, nikasema ni za mke wangu, rra (ndivyo wanavyomwita bwana huku), maisha yake yamo humo ndani. Kijana akafunga friji kwa mikono miwili, taratibu. Akasema pole sana, rra, nendeni salama.

Soseji zimevuka! Niliimba zaburi mpaka ng'ambo ya Gaborone. Dorie akauliza nina nini, nikasema napenda nchi hii.

Jioni, kambini, Dorie akafungua mkoba ili achome sindano ya kabla ya chakula. Soksi tupu. Akaniangalia. Ndipo nikakumbuka walinzi.

Vimeganda. Kimoja kimepasuka. Dorie akakaa kwenye ngazi ya trela na kichupa kiganjani. Nikakichukua nikakitia kwapani. Kikayeyuka! Maji safi, hata chembe hakina, sawasawa na jana. Nikamwonyesha kwenye taa. Akasema sura haisemi kitu. Akachoma, kwa kuwa hakuna kingine. Akasema kesho tukifika Serowe, duka la dawa kwanza, kabla ya yote. Nikasema bila shaka, mke wangu.

Hapo kwapani pana baridi mpaka sasa.

Alhamisi, 11 Julai

Dorie amemaliza birika zima la maji kabla ya kahawa. Njiani nikasimamishwa kila baada ya vichaka kadhaa ashuke kujisaidia. Tutafika Krismasi.

Serowe. Duka la dawa lipo, si kwamba halipo. Lakini foleni imefika barabarani, na mtu mwenye trela nyuma haegeshi popote kama mwenye baiskeli. Wakati huohuo ujumbe wa Flip: amekwishapita, anawahi viwanja vya mtoni. Viwanja vya mtoni! Anayechelewa huwekwa karibu na vyoo.

Dorie akasema, "Simamisha, Baba." Nikamweleza kwamba Maun ni mji wa watalii, maduka makubwa zaidi, dawa mpya zaidi. Akasema, "Lourens. Simamisha gari." Hunitaja jina akiwa hana utani. Nikasema kesho, Mama, neno langu. Akageukia dirishani, hakuongea mpaka Letlhakane. Kununa ndiyo silaha yake.

Kambini amepima sukari. Mashine imetoa namba ambayo sijaiona tangu tuoane. Vumbi, bila shaka. Nikaigonga gotini, ikatoa namba kubwa zaidi. Mashine mbovu.

Kisha aibu. Kila mwenye trela anajua kwamba ndoa hupimwa wakati wa kurudi nyuma. Mume kwenye usukani, mke nyuma anaonyesha kwa mikono, na kambi nzima imekaa vitini na glasi, kimya, inasubiri msiba. Mimi na Dorie hatujawahi kugusa kitu. Mikono yake ni kama ya askari wa barabarani. Leo mkono wa kushoto ukaenda kulia, wa kulia ukashuka, halafu Dorie mwenyewe akatoweka kwenye kioo. Amekaa chini, mchangani! Nami nikang'oa bomba la maji la kambi. Maji juu kama nyangumi. Watu wakapiga makofi.

Nikamuuliza kwa nini anifanyie hivi. Akasema amechoka, Baba, miguu haimo. Nilimfunika blanketi, lakini sikumjibu. Na mimi najua kununa.

Ijumaa, 12 Julai

Kabla ya Maun kuna uzio wa mifugo, waya unaokata nchi nzima ili ng'ombe wasikutane na nyati. Lango, na langoni ofisa, mwanamke mpana mwenye kofia ya sufu, kibao kifuani: Moatlhodi. Nikamwambia tuna haraka. Akaniangalia kama mtu anayesoma gazeti la jana. Akasema, "Hapa tunaamkiana kwanza, rra." Ikabidi nirudi garini, nishuke upya, nivue kofia, nitoe salamu yao, dumela, mma. Akasema dumela, rra, umeamkaje, huku ametabasamu. Mwanamke mbaya.

Viatu vyote nje! Vya miguuni, vya akiba, hata ndara za bafuni, vyote vikanyagishwe kwenye gunia lenye dawa. Friji hakuigusa. Kwenda kaskazini hawajali nyama, ni kurudi kusini. Akanionya lakini: "Ukirudi, rra, friji nitaifungua mimi mwenyewe." Nikacheka moyoni. Nikirudi zitakuwa tumboni mwa majaji.

Dorie hakuweza kushuka. Mma Moatlhodi akachungulia dirishani, akakaa hapo muda mrefu kuliko kazi yake inavyotaka. Akauliza mbona mama anahema hivi. Nikasema hewa nzuri. Akasema pita hospitali kwanza, rra, kambi haikimbii. Maofisa bwana. Umpe mtu lango, anataka na mkeo.

Ila ni kweli anahema. Pumzi ndefu, nzito, kama mtu aliyepanda ngazi. Na kuna jambo jingine, naliandika kwa uchungu: Dorie ananuka pichi. Pumzi yake, pichi tamu zilizoiva kupita kiasi. Amekula pichi za kopo kwa siri! Mtu wa sukari! Ndiyo maana mashine imepanda. Nimepekua kabati lote. Kopo nimelikuta, halijafunguliwa. Basi alikuwa na jingine.

Nimemkabili. Akafumbua macho, akasema hana hata mate ya kumezea pichi. Akaomba maji.

Nilitaka kweli kupita duka la dawa. Lakini kiwanja kilichobaki mtoni kilikuwa kimoja tu, na mzee mwingine wa klabu alikuwa amekwisha kuwasha taa za kugeukia. Nikawahi. Tuko mtoni! Hatua chache kutoka kwa Flip. Nilipomaliza kusawazisha magurudumu maduka yalikuwa yamefungwa. Kesho asubuhi, la kwanza kabisa.

Sarie, mke wa Flip, alikuja na supu kumsalimu Dorie. Nikamwambia amelala. Sarie ana tabia ya kuona vitu.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi Dorie ametapika. Nikamwekea ndoo, nikampangusa uso. Uso mkavu, macho yameingia ndani. Nikamwambia nawasha moto, ukishika tu nakimbia dukani, hata majaji hawajafika. Kuni za huku ni ngumu lakini makaa yake yanakaa. Zinataka mtu wa kuzisimamia. Kila nikitaka kuondoka Flip anasogeasogea karibu na jiko langu la kuchomea, anatazama soseji zangu kwa jicho la mwizi. Ningeondokaje?

Nikaingia tena kumwona. Nikamwambia bado kidogo. Alikuwa anasema maneno ambayo hayakufuatana vizuri, kuhusu kuanika nguo, kuhusu Marlize, binti yetu, eti hajatoka shule. Marlize anakaribia kupata wajukuu. Halafu akanitambua. Akasema, "Nenda kageuze soseji zako, Baba, zitaungua."

Dorie ni Dorie. Hata mgonjwa anafikiria soseji zangu.

Matokeo: NAFASI YA PILI! Sijawahi kufika hapo. Jaji mmoja alifumba macho akitafuna. Lakini wa kwanza ni Flip, na sasa sikilizeni. Flip akasimama kutoa shukrani, akamshukuru mkewe, akamshukuru Mungu, akamshukuru mwenye bucha mmoja nyuma ya soko la hapahapa Maun, ambaye humuuzia nyama kila mwaka siku ya Ijumaa. Nyama ya Botswana! Anachanganya hapahapa kambini! Nikaruka. Nikasema amevunja kanuni. Katibu akasoma kanuni: soseji ya kushinda uichanganye mwenyewe. Nyama itoke wapi, haikusema. Ikaonekana wote hufanya hivyo. Wote! Nani abebe nyama kwenda nchi ya ng'ombe, akauliza mzee mmoja, si sawa na kupeleka mchanga jangwani? Kumbe ni mimi peke yangu.

Wakataka kujua nilivukaje. Nikawaeleza. Kwa nini niwanyime? Beseni, unga, barafu. Vichupa sita vya Dorie mstari mmoja, walinzi wa soseji. Uso wa mazishi. Watu wakashika mbavu. Flip alimwaga brandi yake. Nikiri: ilikuwa dakika tamu kuliko zote za kustaafu kwangu.

Sarie peke yake hakucheka. Akaniuliza, insulini ya Dorie uliilaza juu ya barafu? Tangu lini? Nikasema tangu mpakani, na haikudhurika, inamiminika vizuri. Akaweka sahani chini. Akakimbia, mama wa umri ule, na ndara zake, mpaka kwenye trela letu, akaingia bila kubisha hodi.

Halafu nikamsikia anapiga kelele, anamwita Flip.

Dorie haamki. Tumempeleka kwa gari la Flip, kwa sababu langu limefungwa trela.

Jumapili, 14 Julai

Hospitali. Benchi la mbao. Wamemwekea mipira mkononi, maji yanashuka tone kwa tone. Daktari ni kijana, shingo nyembamba ndani ya kola. Akauliza insulini ilihifadhiwa wapi. Nikasema kwenye friji. Boksi linasema weka kwenye friji. Sikusema uongo.

Akaniuliza tena, kwa Kiingereza cha polepole, kama ilipata kuganda. Nikamwambia mimi ni mtahini mstaafu, maswali ya mtego nayajua.

Nimekaa na Dorie. Mkono wake ni mdogo kuliko nilivyokuwa nakumbuka. Nilimwambia kuhusu nafasi ya pili. Nilimwambia kuhusu Flip na bucha, nikamwigiza katibu akisoma kanuni na miwani yake imekaa upande. Kwa kawaida hapo angeshika meza. Nesi akaja akasema niache mgonjwa apumzike.

Jumatatu, 15 Julai

Dorie amefariki. Jua lilikuwa linachomoza.

Sina la kuandika.

Jumatano, 17 Julai

Marlize amefika kwa ndege. Kabla hajaja kwenye trela nikakumbuka swichi. Ilikuwa bado kwenye saba. Nikairudisha mbili. Si kwamba naficha kitu. Ila watoto huchanganyikiwa na vitu vidogo wakiwa na msiba.

Akafungua friji. Akatazama swichi, akatazama barafu ya beseni, ambayo bado ni mwamba. Akageukia dirishani. Tabia hiyo ameichukua kwa mama yake.

Daktari yule akatuita ofisini. Akasema moyo umeshindwa kwa sababu sukari ilipanda kwa siku kadhaa bila kizuizi, kwa sababu dawa haikuwa dawa. Insulini ikiganda, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, imekufa. Akasema ile harufu ya matunda ndiyo alama yake. Sikumwambia habari za pichi. Marlize akamwambia, akaniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa nimempigia simu Ijumaa kulalamika kwamba mama yake anakula pichi.

Kijana. Ana miaka mingapi kazini? Moyo wa Dorie ulikuwa dhaifu tangu zamani, alikuwa akihema hata akipanda ngazi za kanisa. Na nilimchoma mimi mwenyewe sindano ya Alhamisi usiku, mikono yake ilipokuwa inatetemeka. Nilitazama kwenye taa. Ilikuwa safi kama machozi. Ikiwa anayosema ni kweli, basi mimi ndiye

Hapana. Si kweli.

Flip amelia sana, kwa sauti, ameshika bomba la trela langu. Amelia kuliko mimi. Hata hapo lazima anishinde. Sarie amenipikia sima na mchuzi, akaweka sahani mezani, akaondoka. Hajaniongelesha tangu Jumamosi.

Marlize alivitupa vichupa vilivyobaki kwenye pipa la kambi. Alipokwenda kuoga nikavitoa. Vinne, na nusu ya kimoja. Mali haitupwi. Dorie mwenyewe alikuwa anafua mifuko ya plastiki.

Ijumaa, 19 Julai

Safari ya kurudi. Gari la mazishi limetangulia na Dorie, Marlize amekaa mbele na dereva. Hakutaka kupanda na mimi. Anasema trela linanuka karafuu.

Kwa hiyo mimi peke yangu. Kiti cha pembeni kuna ramani, mkoba na soksi ya sufu. Mara mbili nimegeuka kusema jambo. Mara ya pili nilikuwa nimekwisha kulisema.

Ndani ya friji: soseji zilizobaki, karibu nusu ya zote, mbichi. Ningezifanyaje? Kuna watakaokuja mazishini, na sehemu kubwa ya Lichtenburg haijaionja. Swichi nimeirudisha saba. Na kando ya soseji, vichupa.

Uzio. Nyama mbichi haivuki hapa kwenda kusini, wala hawana utani. Mbele yangu wamemwaga nyama ya familia nzima kwenye shimo la kuchomea. Na nani yuko langoni? Kofia ya sufu. Akaja moja kwa moja kwenye trela, mkono tayari kwenye mlango. Safari hii nilimwamkia kwanza. Dumela, mma.

Akauliza, "Mma yuko wapi?"

Nikaonyesha barabarani, kule lilikopotelea gari la mazishi. Nikasema ametangulia. Nilitaka kuvaa uso ule wa mpakani, lakini niligundua kwamba nilikuwa nimekwisha kuuvaa, na haukuwa wa kuvaa. Alikuwa amelipitisha gari lile asubuhi, kwa hiyo akajua. Akavua kofia yake. Akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ameshika kiwiko, kama wanavyofanya wao kwa heshima. Akasema pole, rra. Akasema nilikwambia upite hospitali kwanza. Hakusema kwa ubaya. Nililia pale, mbele ya magari.

Halafu akainua kizuizi mwenyewe.

Hakufungua friji.

Letlhakane, kambi ileile. Bomba wamelitengeneza. Hapakuwa na mtu nyuma wa kunionyesha kwa mikono. Watu walikaa vitini na glasi zao, wakitazama. Nikarudisha trela mara tano, mara sita. Kijana mmoja wa Rustenburg akasimama, akasema, oom, yaani mjomba, nikusaidie? Nikamwambia mke wangu atanionyesha. Akatazama nyuma ya trela, akatazama mimi, akakaa. Mwishowe nimeliacha limekaa upande, gurudumu moja kwenye kiwanja cha watu.

Nimempigia Bettie. Nimemwambia asinunue insulini mwezi huu, namletea ya Dorie, ipo ya kutosha. Akalia, akasema mimi ni kaka mwema, hata kwenye msiba wangu namkumbuka. Akauliza kama nimeihifadhi vizuri. Nikamwambia hakuna aliyewahi kuihifadhi vizuri zaidi. Bettie ataitumia, ataamka, atakunywa kahawa yake, ataniudhi kama kawaida. Ndipo nitamwandikia daktari yule barua.

Nimekagua friji kabla ya kulala. Kila kitu kigumu kama jiwe. Swichi iko kwenye saba.